Ukuta wa Kupimia Majembe

Al Mansoura,
Doha, Qatar.
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Mbaruku,

Ukuta wa Babu ulipotea Jumanne ya tarehe nne mwezi huu, asubuhi, kwa ndoo tatu za rangi ya njano, na wewe ndiye uliyeshika ngazi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, ningejaza kurasa mbili nikijifanya sina jambo moyoni.

Sasa nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Asalaam aleikum. Hujambo? Shemeji Mwanaidi na watoto hawajambo? Mama miguu inaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaitumia, au ameifungia kabatini inangoja wageni? Mvua za vuli zimeanza huko, au bado mnatazama mawingu yanavyopita kwenda kwa wenzenu? Rehema wetu wa dukani aliniambia maharage yameshachipua upande wa mtoni. Mungu ayatunze.

Mimi ni mzima, namshukuru Mola. Joto limelegea, sasa mtu anaweza kusimama juani akafunga bango bila kuungua viganja. Kazini Sanaiya mambo yanakwenda. Mashine ya pili ya kukata herufi za mabango imewekwa chini yangu, na mudiri, bosi wetu, ameacha kuniita mlinzi. Miaka minane iliyopita nilikuwa nasimama langoni Al Thumama nikifungulia watu magari. Nakukumbusha tu, ili ukifika huko chini nikisema jambo la mabango ujue silisemi kwa kusikia.

Barua hii anakuja nayo Vuai, yule dereva Mzanzibari ninayekaa naye chumba kimoja. Anakwenda likizo Jumapili. Akishuka Dar ataipandisha basi la Lushoto, nawe utaipokea Soni. Usiniulize kwa nini sikutuma sauti. Sauti zangu unazisikiliza kwa kasi maradufu, halafu unanijibu kwa kidole gumba. Karatasi haina kasi maradufu. Na nataka umsomee Shangazi Rukia kila neno, hata yale yatakayokuchoma.

Lile bango uliloniagiza halimo kwenye begi la Vuai. Halijachapwa na halitachapwa.

Nikueleze lilivyopokelewa huku. Jumapili uliponitumia mchoro wake ukasema, “Kaka, nichapie kitu cha kung'aa, maneno ni yale yale ya Babu,” nilifurahi. Kweli nilifurahi. Niliona JEMBE LA MISIMU MITANO. LIKIISHA KABLA, LETE. Nikasema, hatimaye Mbaruku ameamka. Nikaufungua mchoro kwenye kompyuta ya kazini, na pembeni yangu alikuwa Wesley, Mkenya wa Bomet ninayekata naye herufi. Wesley haangalii picha, anaangalia vipimo. Akacheka mpaka akavua miwani.

“Buda, hii jembe ni mita moja na nusu! Mwenye kulima nayo ako na mikono ngapi? Ama huko kwenu mnalimiwa na majini?”

Nikacheka naye. Baadaye nikaacha kucheka, nikakupigia. Nakumbuka maneno yetu yote.

“Mbaruku, mbona jembe umelikuza hivi?”

“Ili lionekane toka barabarani, kaka.”

“Na lile la ukutani?”

Nikasikia mbuzi wa jirani. Kisha ukasema, “Ukutani kuna rangi mpya.”

Rangi mpya! Ndipo nikakuza ile picha nyingine uliyonitumia, wewe umevaa fulana ya kampuni ya mbolea unatabasamu, na nyuma yako nikaona duka letu lote limekuwa la njano kama kipande cha sabuni. Na kwenye ukuta wa mbele, kati ya mlango na dirisha, pale pale, kuna bwana aliyefunga tai ameshika hindi, nyuma yake shamba tambarare kama meza. Mbaruku, kwetu kuna shamba tambarare wapi? Kwetu ukidondosha kabichi juu unaliokotea kwa mkwe wako. Na mahindi yenyewe tunayalima kwa ajili ya kuku na wageni. Huyo bwana wa tai anamtangazia nani?

Najua hadithi ya ukuta unaijua. Lakini mtu anayeijua asingeshika ngazi, kwa hiyo nitaisema upya, na Shangazi asahihishe nitakapokosea maana yeye alikuwepo.

Ilikuwa enzi za matuta, Mwingereza amewaamuru watu wachimbe matuta kila mteremko, na majembe yalikuwa yanaisha kama sabuni mtoni. Babu alikuwa na duka lile lile, chumba kimoja, anauza chumvi, mafuta ya taa na majembe. Kampuni ya majembe ilikuwa na bwana wake aliyepita na gari lenye kipaza sauti. Akampa Babu bamba la chuma lenye picha ya jembe jipya, linang'aa, na miale ya jua inatoka nyuma yake. Babu akalitundika. Wakulima wakaja wakalitazama. Mzee mmoja akauliza, “Hilo limelima wapi?” Watu wakacheka, wakanunua chumvi, wakaenda zao.

Mwingine angeongeza sauti. Babu alichukua jembe moja la kampuni ile ile akampa Bibi alilimie shamba lake, si la maonyesho, shamba lenyewe la kokoto kule juu. Lilipokuwa jipya, kisha kila mwisho wa msimu, alililaza bapa la jembe juu ya ubao wa mlango wa stoo, akalizungushia mkaa. Masika, vuli, masika, vuli, masika. Misimu mitano ilipotimia akapiga plasta mpya ukutani, na kabla haijakauka akaihamishia michoro yote kwa msumari, mmoja ndani ya mwingine, kama kitunguu ulichokikata katikati. Wa nje kabisa jembe jipya. Wa ndani kabisa jembe la Bibi lilivyobaki, dogo kama kiganja. Mistari akaijaza masizi, maneno akayaandika kwa udongo mwekundu. Na kila mchoro ni saizi yake halisi, Mbaruku. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Ukilikuza likaonekana barabarani umelifanya picha, na picha bwana yule wa kipaza sauti alikuwa nayo tayari.

Ukinunua jembe kwa Babu, baada ya msimu unakuja nalo unaliegemeza ukutani. Limefika mstari wake, sawa, nenda kalime. Limelika kuliko mstari kabla ya muda, unaacha lile unachukua jipya, hulipi. Sharti moja tu, la kulimia si la kuvunjia mawe.

Bwana wa kampuni aliporudi akawaka. Akasema unatangaza jembe kwa kuonyesha linavyoisha? Babu akamjibu kwamba wateja wake hawakuwa wakiuliza kama jembe linaisha, walikuwa wakiuliza linaisha lini. Bwana yule akaondoka kwa hasira, ila majembe akaendelea kuyaleta, maana yalikuwa yanatoka. Bamba lake likawa mlango wa banda la kuku, na mpaka leo kuku wetu wanalala nyuma ya miale ya jua.

Na unajua ukuta ule ulikuwa unasema mengi kuliko bei. Mwanamume aliyekuja na jembe la misimu mitano bado limekaa mstari wa kwanza, wanawake walimuuliza, “Baba, hilo jembe umeliposa? Unalingojea mahari?” Shangazi Rukia mwenyewe alimkataa mchumba wake wa kwanza pale pale, mbele ya watu, baada ya ndugu zake kuliomba jembe la kijana wakaliegemeza. Lilikuwa jipya kabisa, bado lina karatasi ya kampuni. Alisema, “Huyu atanila mimi.” Nami nasema kwa mapenzi ya kaka: jembe lako, Mbaruku, tangu uoe halijavuka mstari wa pili. Nisingeshangaa kama hilo ndilo lililokufanya uutafutie ukuta rangi.

Natania. Kidogo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua ukisoma habari za Bibi na mkaa utasema kaka amezeeka ugenini, anaona haya ni mambo ya makumbusho. Sizungumzii makumbusho. Mwaka jana nilimwomba Rehema aweke kopo chini ya kaunta. Kila anayenunua jembe amuulize anatoka wapi. Wa kijijini kwetu, harage jekundu. Wa mbali, harage jeupe. Mwaka ulipoisha maharage yalikuwa mia mbili na arobaini, na meupe yalikuwa mia moja sitini na nane. Yaani watu saba katika kumi wanapita maduka ya Soni yenye taa na vioo, wanapanda mlima hadi kwetu. Wanafuata nini? Tabasamu lako? Na majembe yaliyorudishwa kwa sababu yamelika kabla ya muda yalikuwa kumi na moja. Kumi na moja tumeyala sisi. Mimi huku nakata herufi za watu kutwa, nakuambia sijaona tangazo rahisi kama hilo. Kumi na moja yameuza mia mbili na arobaini.

Juzi tulikuwa Abu Hamour tunafunga bango la duka la manukato. Urefu mita sita, herufi za chuma, taa ndani, Kiarabu juu kama wanavyotaka, kibali cha baladia, manispaa ya huku, kimegongwa mihuri. Limesema nini? Limesema Bora Kuliko Yote. Jirani yake wa kushoto, Namba Moja. Wa kulia, Chaguo la Kwanza. Wesley akaniambia, “Sasa hawa wote wamekuwa wa kwanza, wa pili ni nani?” Miaka sita nakata mabango, Mbaruku. Sijawahi kukata hata moja linalosema likiisha kabla, lete.

Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nisilale, na si rangi yenyewe. Nilimpigia Rehema nikamuuliza dukani kukoje. Akasita, unamjua, hapendi kusema watu. Kisha akaniambia tangu rangi ipakwe wamekuja watu wanne na majembe yao kupima. Wamesimama mbele ya bwana wa tai, wamegeuka, wamekwenda. Wa nne, mama mmoja wa kule Mponde mwenye jembe lililolika upande, hakugeuka kimya. Alimwambia Rehema, “Mmepaka ili msitulipe.”

Umelisoma hilo? Lirudie. Usimsomee Shangazi mpaka umelirudia mwenyewe.

Wewe umeona umepamba duka. Watu wameona tumekimbia ahadi. Tangazo la kampuni yoyote ukilifuta limefutika, hakuna anayeuliza. La kwetu halikuwa tangazo tu, lilikuwa neno la mtu, na watu wana majembe yake majumbani mwao sasa hivi, ya msimu wa kwanza, ya pili, ya tatu. Ukilifuta unasema hatudaiwi. Babu aliuza jembe kwa masharti yale mpaka alipokufa, Baba akaendelea, wakati wa foleni za sukari akaendelea, majembe yalipokuwa mabovu kabisa yanapindana kama sahani ya bati akaendelea, na kilichomwumiza akakila kimya. Leo sisi wenye simu za picha tumeshindwa na ndoo tatu.

Na Shangazi. Alinitumia sauti Jumatano, kwa simu ya Rehema. Nimeisikiliza kwa kasi yake ya kawaida, mara nyingi. Alikuwa amekwenda na jembe lake la vuli, kama anavyokwenda kila mwaka ingawa sasa analima kitalu cha mchicha tu. Anasema alilifuta jembe kwa kanga, akafika, akakuta unjano. Alisimama kama mtu aliyefika kwa nduguye akakuta wamehama bila kumwambia. Wewe ulikuwa ndani unapanga mifuko ya mbolea. Ukamwambia, “Shangazi, pima kwa macho tu, mbona jembe bado zima.”

Kwa macho! Mtoto wa nyumba ile anasema pima kwa macho!

Lakini yeye hakukujibu, alifanya jambo ambalo wewe hukuliona kwa sababu ulikuwa umesharudi kwenye mifuko yako. Akaweka vidole ukutani, chini ya tai ya yule bwana. Nakunukulia: “Abubakari, lipo. Nimelipapasa. Mstari wa nje nimeupata wote, na wa mama yangu ule mdogo nimeupata. Rangi imelifunika, haijalizika.” Bibi alikuwa mama yake, usisahau. Kile kiganja cha ndani kabisa ni mikono ya mama yake.

Mbaruku, hapo ndipo nilipokaa kitako kitandani nikamwamsha Vuai. Maana Babu hakupaka, alichanja. Mistari imo ndani ya plasta. Rangi yenu ni ya maji, mara moja tu, mmeipaka juu ya ukuta wenye vumbi la miaka, hamkuusugua hata kwa ufagio, nimeona kwenye picha inavyovimba pembeni. Rangi ya namna hiyo hutoka. Kitambaa kilichoroweshwa, kijiti cha mti laini cha kukwangulia, subira. Masizi na maneno mekundu yatakuwa yameharibika, sikudanganyi, lakini hayo yanaandikwa upya. Mistari ikiwepo, ukuta upo.

Basi kwa nini nakuandikia kwa moto hivi? Kwa sababu ya ule ujumbe wako wa mwisho, uliouandika kama habari njema. Ulisema fundi wa kampuni amelalamika kwamba ukuta una mikwaruzo, bwana wa tai anaonekana kama ana ndui, kwa hiyo Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili wanarudi kupiga skimu, lile tope la kuziba mashimo, ukuta uwe laini, halafu rangi ya mwisho, halafu muziki na sherehe ya kukutangaza wewe wakala wao wa mwaka. Mikwaruzo! Anaita mikwaruzo. Skimu ikiingia kwenye michanjo ile ikakauka, hakuna kitambaa, hakuna mti, hakuna Shangazi. Ukiibandua inatoka na plasta. Nimeshaona kuta za namna hiyo huku, ukigusa zinadondoka vigae.

Usiniambie tuna picha. Ninazo kumi na tatu, na kazi yangu ni kutoa vipimo kwenye picha. Nimejaribu. Nimetumia upana wa mlango, nimetumia urefu wako. Kila picha inanipa jibu lake, tofauti ya kidole, mara vidole viwili. Kidole kimoja kwenye jembe ni msimu mzima. Naweza kukadiria, lakini mama wa Mponde hakuuziwa jembe la makadirio.

Sasa nikutendee haki, maana kaka asiyesikia naye ni mzigo. Uliniambia kwenye simu, “Wewe uko kwenye maghorofa unatukataza rangi, sisi tukae na kuta zilizochakaa kama wa zamani?” Neno hilo lilinikaa. Ni kweli mimi sifagii lile duka. Ni kweli wa Soni wana vioo na wateja wa mbolea wanakwenda kwao, na wewe ndiye unayeamka alfajiri kufungua mlango, wakati mimi naamrisha kwa simu kama kafili, mwajiri wa huku. Ni kweli pia kwamba mbolea inauzika, na uwakala ni kitu. Sikuambii uuache. Duka lipake rangi, hata hiyo ya njano ikibidi, Mungu anisamehe. Fulana kumi na mbili walizokupa zivae. Ule mwavuli mkubwa waliokupa ufungue jua likiwaka.

Lakini ukuta ule mmoja, hapana.

Na sikukaa kungoja. Namba ya mwakilishi wa kampuni ya mbolea iko chini ya mkataba ulionitumia picha. Nilimpigia jana baada ya Isha. Kijana mstaarabu, anaitwa Fabian, kumbe hata hakujua kuna kitu pale. Nikamweleza kwa lugha ya kazi. Ukuta wa mbele ni mita tano kwa tatu, lakini umezibwa na mparachichi, na anayeuona ni yule ambaye ameshafika dukani. Ukuta wa ubavuni ni mita nane, unatazama kona, kila gari linalopanda linapunguza mwendo pale. Nikamwambia, ndugu, umepewa ukuta mdogo na wenye mikwaruzo, mkubwa na laini umeachwa. Akacheka, akasema, “Kaka, ningejua mapema ningeomba huo.” Yuko tayari kuhamia ubavuni, bila mkataba mpya, bila gharama. Ila aliyetia sahihi ni wewe. Anataka kulisikia kwako, kwa mdomo wako, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, kwa sababu saa hiyo mafundi wanapakia vifaa Korogwe.

Kwa hiyo, Mbaruku, hakuna anayekupokonya kitu. Sherehe ipo, muziki upo, bwana wa tai atakuwa mkubwa zaidi, hata ndui atapona. Kinachotakiwa ni simu moja. Na nakujua, ndiyo sababu nina hasira. Hutakataa. Utasema “nitaona.” Utasema “ngoja niongee na fulani.” Utasema mtandao ulikuwa chini, Ijumaa itapita, Jumamosi watafika na ndoo zao, nawe utanitumia kile kikaragosi cha mikono miwili iliyofumbatwa. Hivyo ndivyo ulivyouza ng'ombe wa Mama, hivyo ndivyo ulivyooa. Mambo yako yote yanaamuliwa na kuchelewa.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ile si ya wageni. Msalimie Shemeji Mwanaidi, na watoto wote kwa majina. Rehema mwambie kopo aliweke tena chini ya kaunta. Nimemnunulia viatu, Vuai atavipandisha basi pamoja na barua hii. Shangazi Rukia mshike mkono wa kulia, ule uliopapasa ukuta, umwambie mtoto wake wa Doha anaubusu. Vuai naye anakusalimu ingawa hakujui; anasema kwao Makunduchi mtu akifuta ahadi ya babu yake hapewi hata maji. Mungu awape vuli njema, awakinge na magonjwa, na ayatie baraka maharage ya mtoni.

Sasa nisikilize. Saa za Doha na za kwenu ni zile zile, usinitafutie mwanya hapo. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, saa kumi jioni, simu yangu itakuwa mkononi. Unipigie. Si ujumbe, si kidole gumba, si kikaragosi. Nataka neno moja: umempigia Fabian ahamie ubavuni, ndiyo au hapana?

Ikiwa ni hapana, nitaipokea, wewe ndiye unayekaa pale. Ila siku ya gulio utasimama mwenyewe mbele ya ukuta huo laini, mchana, watu wote wakiwepo na majembe yao, uwaambie kwamba lile neno la Babu limekwisha na kuanzia leo wapime kwa macho. Utalisema wewe, Shangazi akiwa amekaa mbele. Mimi sitakusemea, wala Rehema.

Ndiyo au hapana, Mbaruku. Ijumaa, saa kumi.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekunja ndita,

Abubakari